Mwalimu wa Magazini ya Ngozi

Sisi tuliosoma kwake tulikuwa na tabia moja ya aibu: tukimwona sokoni, tunakimbia. Tulikuwa watu wazima, na watoto mgongoni, na bado ukiona zile buti zake nyeusi za mpira zinakuja kati ya mafungu ya viazi, unainama nyuma ya gunia kama mwizi. Rafiki yangu Kahindo, mwanamke wa biashara anayeleta maharagwe kutoka Butembo na ambaye hajawahi kumwogopa askari wa bariyeri yoyote ya njiani, siku moja nilimkuta amejisokomeza chini ya meza ya muuza nyama, kitenge kimelowa damu ya mbuzi. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Nikageuka, na buti zilikuwa mbele yangu.

"Mutu wako iko wapi?" Mwalimu aliniuliza.

Ndivyo alivyokuwa. Hakuna jambo, hakuna habari ya nyumbani, hakuna pole ya msiba wala hongera ya mtoto. Hata kama mlipotezana miaka kumi na mitano, swali lilikuwa hilo moja, na ilibidi ujibu hapo hapo umesimama, watu wanapita na mizigo wanakusukuma. Siku ile nilimjibu. Jibu nililompa ndilo limenikalisha chini kuandika, mimi muuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, wa soko la Kituku, ambaye tangu nitoke shule sikushika kalamu ila kutia sahihi. Lakini jibu langu halitaeleweka bila kumjua yeye, na yeye haeleweki bila ile nyumba.

Juu ya Kibumba, ukiacha barabara ya Rutshuru na kupanda kwa mguu kuelekea msitu, kulikuwa na nyumba ya zamani ya mawe ya volkano. Wenyeji waliiita Magazini ya Ngozi, yaani ghala la ngozi. Wakati wa Wabelgiji, mzungu mmoja alikaa pale kununua ngozi zenye manyoya: za chui, za mbega, za mondo, na zaidi ya zote za fisi maji, yule mnyama wa mito mwenye manyoya laini. Wawindaji walishuka nazo kutoka milimani zikiwa zimetandazwa juu ya fremu za mianzi, wakapewa chumvi, kitambaa na majembe. Ngozi zikaenda kuwa makoti na kofia za wanawake wa Ulaya, ambao hata Kibumba iko upande gani wa dunia hawakujua. Sisi tulipofika, paa lilikuwa limeanguka nusu, lakini kuta zilikuwa nzima, na siku ya mvua nyumba ilikuwa bado inanuka. Naapa. Miaka yote ile, na mawe yananuka moshi na mafuta ya ngozi.

Kitu chenyewe kilikuwa ukuta wa mbele. Mzungu yule aliogopa watu, kwa hiyo mwindaji hakuruhusiwa kuingia na mkuki. Aliusimamisha nje, ameuegemeza ukutani, kila mmoja mahali pake, na juu ya mahali pake alichora alama kwa ncha ya chuma ili mwingine asipachukue. Alama zilikuwa ishirini na tatu: nusu ya mwezi, mguu wa chura, nyoka aliyejikunja, kitana. Wenyewe hawakujua kusoma, na hakuna kitabu chochote kilichowaandika. Mwalimu alipanda na kushuka milima kwa miaka, akiuliza wazee vipofu na bibi wa pembeni ya moto: hii ni ya nani? Na hii? Akapata majina yote, na kwa kila jina kipande cha maisha. Alipomaliza, wazee wale wakaanza kufa mmoja mmoja, na ikabaki kwamba watu wale ishirini na watatu wanaishi ndani ya kichwa kimoja tu, kichwa cha mwalimu wa historia mwenye mshahara wa kuchelewa.

Ndiyo maana alitupeleka. Kila konje kubwa, masomo yakifungwa, alichukua darasa moja kwenda kulala kule siku tatu. Tulipanda lori lililokwenda kupakia shu, zile kabichi za mlimani, kisha miguu, na sufuria, na viazi, na shitingi, yale maturubai ya kujengea vibanda. Wazazi walinung'unika. Mama yangu alisema mwanaume mzima anayelaza watoto wa watu nje wakati wana nyumba, huyo ana kasoro. Lakini alinifungia blanketi.

Kule hakuna udongo wa kupigilia kigingi. Ni mawe tupu, volkano iliyokauka ikiwa na meno. Mwalimu alitufundisha namna yake: unachagua jiwe la ukubwa wa kichwa cha shu, unalifunga kamba kiunoni, unaliweka chini, kisha unaweka jiwe jingine juu yake. "Ya kwanza inashika kamba, ya pili inashika ya kwanza," alisema, halafu anapita akivuta kila kamba kwa kidole kimoja. Ikisogea, mnabomoa kibanda chote mnaanza upya, hata mvua ikiwa imeshafika. Tulimchukia. Miaka baadaye, Kanyaruchinya ilipojaa watu waliokimbia vita, nilisikia kwamba katika safu nzima za vibanda upepo wa usiku ulipeperusha shitingi zote ila za wachache, na hao wachache walikuwa wamesoma kwake. Yeye mwenyewe hakulala chini ya shitingi. Alikaa kwenye kizingiti cha Magazini, mgongo kwenye mlango, blanketi begani, mpaka asubuhi. Ndani hakulala hata siku moja. Tukimuuliza, anajibu, "Mule ndani mimi sikuitwa."

Asubuhi ya mwisho, ukungu ukiwa bado umekaa juu ya mawe, alikuita peke yako mbele ya ukuta, akaweka kidole chako ndani ya alama moja. "Unasikia? Huyu ni mutu. Utamubeba." Kisha alikuambia sikioni, wewe tu, ili usije ukamtegemea mwenzako. Jina lake, alileta nini, kilimpata nini. Sheria ilikuwa moja: usiongeze, usipunguze. Tangu siku ile mtu yule ni wako mpaka ufe, na Mwalimu akikukuta popote, hata hospitali, hata mbele ya jeneza la baba mkwe, anadai kumsikia.

Watu huuliza kwa nini hakuandika tu. Mwalimu, na chaki mkononi kila siku! Aliandika. Alikuwa na kaye, daftari moja kubwa, alama zote zimechorwa, na majina pembeni. Katika vita vya kwanza alikamatwa nayo kwenye bariyeri. Askari waliifungua wakaona orodha ya majina, na mbele ya kila jina alama ya siri. Hebu fikiri. Walimuuliza hawa ni nani, akasema ni wawindaji. Wako wapi? Walikufa zamani. Nani aliwaua? Alipigwa siku mbili. Kaye walichemshia chai mbele yake, ukurasa baada ya ukurasa, na alisema kilichomuuma si fimbo, ni kwamba chai ile ilichemka haraka. Aliporudi aliapa kwamba hataweka tena jina la mtu kwenye karatasi. "Karatasi wanaishika," alisema. "Batoto hawawezi kubashika bote."

Hakuwa mtakatifu. Alikuwa mkaidi, mchoyo wa kiberiti, na alivuta ugoro akapiga chafya katikati ya misa. Alichukia biashara ile ya ngozi kiasi kwamba hakuvaa kiatu cha ngozi wala mkanda wa ngozi. Suruali aliifunga kwa tai, na buti za mpira alivaa hata siku alipomwoza binti yake. Lakini nyama ya mbuzi mpelekee uone. Alimaliza mpaka kichwa, akinyonya mifupa kwa sauti. Kahindo alimwambia, "Mwalimu, huyu mbuzi hakukuwa na ngozi?" Akajibu, "Ngozi hawakuniletea," akaendelea kutafuna.

Na aliogopa ng'ombe. Mtu aliyelala kizingitini mwa msitu wa chui alikuwa akiona ng'ombe mmoja njiani anapanda juu ya jiwe na kusimama hapo, mikono kifuani, mpaka mchungaji apite. Wachungaji wa Masisi waliomjua walimpigia mluzi kwa mbali: "Mwalimu, panda, tunakuja!" Alipanda. Hakuona haya hata kidogo.

Jambo ambalo lilinichanganya zaidi ni ufagio. Nyumba ile aliisema vibaya kuliko mtu yeyote. Mzungu yule, mizani yake, mlango wake wa nyuma, vyote alivitaja kama anatema. Lakini kila tulipofika, kabla hata ya kunywa maji, alikata majani akafunga ufagio, akafagia vyumba vyote, pembe kwa pembe, akatoa mavi ya popo kwa mikono. Nilimuuliza: "Mwalimu, nyumba hii iliharibu watu. Juu ya nini unaifagia?"

"Nikiacha majani imee," alisema, "kesho watasema hapa hapakuwa kitu."

Alikuja bwana mmoja wa mjini, mwenye gari zuri, akitaka kupafanya pahali pa watalii. Hema nzuri, moto wa jioni, kofia za madoa ya chui. Alimtaka Mwalimu awe kiongozi wa wageni. Mwalimu alikubali, akampa sharti moja: kila mgeni atabeba mtu mmoja. Bwana yule alicheka akidhani ni mzaha. Akasubiri Mwalimu naye acheke. Wakaangaliana muda mrefu, bwana akaingia garini, na hatukumwona tena.

Mkewe alikuwa na lalamiko moja, alilirudia kwa kila aliyemtembelea. "Wafu wa muzungu anabajua bote kwa majina. Lakini nikimutuma chumvi analeta sabuni." Tulicheka. Wanaume ndivyo walivyo, tulisema. Akiniita kwa jina la mwenzangu, akisimama katikati ya darasa akitafuta neno kwa mkono hewani, tulisema ni uzee, ni njaa, ni ile fimbo ya bariyeri. Hatukuliweka moyoni.

Sasa mtu wangu.

Alama yangu ilikuwa kitana, michirizi mitano na mmoja wa kulala. Nilikuwa na miaka kumi na sita, meno yanagongana kwa baridi, na ukweli wa Mungu, nilikuwa natazama juu ya bega la Mwalimu kuona kama mvulana mmoja wa darasa letu ananitazama. Mwalimu aliniambia sikioni: "Huyu ni Semivumbi. Alikuwa mutu wa fisi maji, hakuna aliyemushinda. Siku moja alileta ngozi mbili. Akasimamisha mukuki wake hapa, akaingia kwa mulango wa mbele. Akatoka kwa mulango wa nyuma, amefungwa kamba na wengine, kupelekwa kwa kazi ya barabara. Hakurudi. Mukuki ukabakia hapa, watu wanapita wanauona. Kisha mutoto wake mwanamuke akakuja..."

Na hapo mvulana yule akanitazama.

Nilisikia sauti ya Mwalimu ikiendelea. Nilitikisa kichwa, ndiyo, ndiyo. Nikarudi kwa wenzangu nikiwa nimembeba Semivumbi bila mwisho wake. Ningeweza kurudi kuuliza. Sikurudi, kwa aibu. Mwaka ukapita, kisha ndoa, na huyo mvulana wala si yeye aliyenioa.

Basi siku ile sokoni, Kahindo chini ya meza, nilianza vizuri. Fisi maji, ngozi mbili, mlango wa mbele, kamba, mlango wa nyuma. Nilipofika kwa mtoto wa kike, nilisimama. Mwalimu alikuwa amefunga macho anasubiri. Pembeni yetu kulikuwa na binti anauza nyanya, mama yake anamwita Furaha, Furaha, lete kikapu. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Akakuja mutoto wake mwanamuke, jina Furaha. Muzungu alikuwa amesafiri. Mulinzi akamuonea huruma, akamupatia mukuki wa baba yake. Akaenda nao nyumbani."

Mwalimu alifungua macho. Yalikuwa na maji. Alizoea kuitikia kwa kichwa tu na kupita, lakini siku ile alinishika mkono wenye magamba ya samaki, mikono yake miwili.

"Aksanti, mama," alisema. "Aksanti sana."

Alipokwisha kupita Kahindo alitoka chini ya meza akijipangusa. "We! Furaha ni nani tena?" Nilimwonyesha kwa kidevu yule wa nyanya. Alishika kichwa. "Umemudanganya Mwalimu? Weye, moto unakungojea." Tulicheka tukashikana mabega. Nilijiona mjanja. Nilikuwa nimefaulu mtihani bila kusoma.

Kisha vita vikarudi kule juu milimani. Barabara ya Rutshuru ikafungwa, watu wa Kibumba wakashuka na magodoro kichwani, na habari za Magazini zikaja kwa vipande. Mmoja alisema ukuta wa mbele umepigwa na bomu. Mwingine alisema ungali umesimama, ila wamechukua mawe kujengea mahali pa kupigia risasi. Hakuna aliyeweza kupanda kuangalia. Nikawa nakaa Kituku asubuhi, nangojea mitumbwi ifike, na wazo moja linanikwaruza: kama alama hazipo tena, basi Semivumbi amebaki kwetu tu tuliopewa, na mimi nimempa uongo. Nilijaribu kukumbuka. Nilirudi mara elfu mbele ya ule ukuta, baridi, ukungu, sauti sikioni. Kila nilipofika kwa yule mtoto, nilimwona mvulana. Jina la mvulana hata silikumbuki, lakini nywele zake naziona.

Nilisikia kwamba Mwalimu yuko kambini Kanyaruchinya, kwamba nyumba aliyohamia uzeeni kule Kibumba imeachwa na mkewe amefariki. Sikwenda mara moja. Nilijiambia sina nauli, nilijiambia mvua. Nilikwenda mwishowe na wamama wa kanisa, tumebeba unga na sambaza kavu. Kambi zile zimekwisha kuvunjwa, na mpaka leo sijui yeye alielekea wapi. Kila ninayemuuliza ananitajia mahali tofauti. Kwa hiyo ninayo siku ile moja tu.

Ilikuwa saa kumi za alasiri. Nilimsikia kabla ya kumwona. Karibu na robine, lile bomba la kambi, mahali watu wanapanga bido, yaani madumu, kungojea maji, wamama na watoto walikuwa wamekaa juu ya bido zao, na sauti yake ilikuwa katikati. Alikuwa amekonda, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola. Alikuwa anawasimulia. Walikuwa watu waliolala njaa, waliozika njiani, na walikuwa wametulia kabisa. Nilisimama nyuma.

"...Muzungu alikuwa amesafiri," alikuwa anasema. "Mulinzi akamuonea huruma. Akamupatia mukuki wa baba yake. Na Furaha akaenda nao nyumbani."

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alitoa pumzi. "Mungu asifiwe. Hata huyo mumoja alipata wa kumufuata."

"Huyo mumoja," Mwalimu alisema. "Kwa bote ishirini na tatu, huyo peke yake. Wengine bote ni kulia tu. Ndiyo sababu ninamusema wa mwisho kila siku, mulale muzuri."

Maji yalifika, watu wakaanza kuinuka, na mimi nikamsogelea. Aliniangalia bila kunijua. Nikasema, "Mwalimu, ni mimi, wa kitana."

Uso wake uliwaka. "Wa kitana! Ni weye!" Akamshika mama wa karibu. "Muone huyu. Ni huyu alinirudishia Furaha." Akanikalisha juu ya bido yake, yeye akachuchumaa, mwalimu wangu, mbele yangu. Akaongea taratibu, kama anaungama.

"Siku mingi kichwa yangu inavuja, mama. Tangu zamani, tangu darasani. Muliwaza nabapima, munakimbia. Nabaona munakimbia! Sikukuwa napima. Nilikuwa naomba. Kila mumoja alikuwa ananirudishia wake. Semivumbi nilimupoteza mapema. Nilibakia na mukuki na mutoto anakuja, basi. Wa kwanza niliyemupa Semivumbi alikufa. Wa pili alivuka mupaka, hakuna anayejua. Ulibakia weye. Nilikutafuta soko nzima siku ile."

Sijui kama kuna maneno ya kueleza nilivyosikia. Nilitamani ardhi ipasuke, na ardhi ya pale haipasuki, ni mawe. Ningeweza kunyamaza. Alikuwa na furaha, wale wamama walikuwa wanalala vizuri, na mtu mwenyewe alikuwa amekufa kabla mama yangu hajazaliwa. Nani angeumia? Lakini alikuwa ananitazama kama mtoto aliyepewa mkate, na nikaona kwamba nikiondoka bila kusema sitaweza tena kukaa Kituku, wala kanisani, wala popote.

"Mwalimu," nilisema, "nilikudanganya. Jina nililichukua kwa muuza nyanya. Nilikuwa nimesahau. Hata siku ile kule juu sikusikiliza."

Nyuma yetu maji yalikuwa yanagonga ndani ya bido.

"Yote?"

"Jina, na mulinzi, na kupewa mukuki. Ni yangu. Lakini mutoto alikuja, hiyo niliisikia kwako. Hiyo ni kweli."

"Una hakika alikuja?"

"Alikuja, Mwalimu."

Aliitikia kwa kichwa pole pole. Ningependa anipige kofi. Badala yake alitegemea goti langu akainuka, akajipangusa mikono kwenye suruali, kama alivyofanya kila mara kabla ya kuandika ubaoni, akaita kwa sauti ya darasani.

"Bamama! Batoto! Murudi kidogo. Mwalimu wenu alikosea."

Nilimvuta shati. Nilimnong'oneza, sema ni mimi, waambie ni mimi. Hakunigeukia. Walirudi, wengine na bido zimejaa kichwani, wakasimama. Akaanza tena toka mwanzo, fisi maji, ngozi mbili, mlango wa mbele, mlango wa nyuma. Hakuharakisha. Mkuki ukabakia ukutani, watu wanapita wanauona.

"Kisha mutoto wake mwanamuke akakuja," alisema. "Jina lake hatulijue. Kama alipewa mukuki, hatujue."

Yule mama mwenye mtoto mgongoni akasema, karibu kwa kumbembeleza, "Mwalimu, utuachilie ile ingine. Ile ilikuwa nzuri."

"Ilikuwa nzuri, mama," alisema. "Lakini haikukuwa yake."

Kisha akatutaka tuirudie. Watoto, wamama, na mimi niliyesimama kati yao na mfuko mtupu wa sambaza. Mutoto wake akakuja. Jina lake hatulijue. Aliinua mkono, tukarudia mara ya pili, kwa sauti zaidi. Mara ya tatu sauti yangu ilikatika, na watoto wakamalizia bila mimi.